Mstari Mwekundu Katika Mwanga wa Baba

9 Februari

Shangazi, shikamoo,

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilijaa salamu hadi ikakosa nafasi ya habari, ya pili haikuwa na salamu kabisa. Baba akaniambia salamu ni kama chumvi, nitie kwa vidole viwili. Kwa hiyo: sisi wazima, na Baba anakusalimu kwa kunipungia nyundo kutoka chini ya trela la watu.

Nina shida na wewe ndiye wa kunisaidia. Mwalimu wa fizikia ametutaka kila mmoja achague kitu cha kupima kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Wengine wanapima mapigo ya moyo, mmoja anapima barafu inayeyuka kwa muda gani. Mimi nilinyoosha mkono, jambo ambalo sijalifanya tangu mwaka uanze, nikasema nitapima joto la moto wa Baba, ule unaoruka kati ya kijiti na chuma anapochomelea. Darasa likacheka. Mwalimu akauliza, "Kwa kipimajoto gani, binti? Kitayeyuka kabla hujakisoma." Nikakaa chini, na nilichotaka kumjibu nikakikumbuka nikiwa nimeshafika nyumbani.

Nilitaka kumwambia kwamba shangazi yangu anapima moto wa namna hiyo kila siku kazini bila kuugusa, kwa kuusoma mwanga wake. Nimesoma kitabu kimoja cha maktaba, kinaita moto huo tao la umeme, na kinasema hewa ndani yake huwa plazma, gesi ya moto inayopitisha umeme. Jinsi ya kupima hakielezi. Nimetengeneza kikasha: boksi la viatu, tundu jembamba kati ya nyembe mbili, na kipande cha diski ya sinema kinachochambua mwanga uwe rangi. Ninapiga picha kwa simu ya Baba.

Baba amefurahi. Ananiambia, "Ukimaliza kuusoma moto wangu, Miwani, niambie umeandikwa nini." Ana furaha pia kwa sababu mkuu wa shule yetu amempa kazi ya kujenga mnara wa tangi la maji nyuma ya jiko la shule. Hajawahi kupewa kazi na shule. Mchoro ameuchora mara nne, na watu wa mtaa wa mafundi, wanaomwita Mshono, sasa wanamwita Mshono wa Serikali.

Wako,
Miwani


20 Februari

Miwani wangu, marahaba.

Mwambie mwalimu wako kwamba hata jua hatujawahi kulitia kipimajoto kwapani, na bado joto lake tunalijua.

Sikiliza. Atomi za kila kitu zikichemka hutoa rangi zake zenyewe, kama kila mtu na sauti yake. Kwenye kikasha chako rangi hizo utaziona kama mistari. Funga uzi mwembamba wa shaba kwenye kijiti cha baba yako, utapata mistari ya kijani ya shaba. Shika miwili. Wa wimbi la nanomita mia tano na kumi ni mwepesi kuwaka, hata moto ukiwa wa wastani unajitokeza. Wa mia tano ishirini na mbili unatoka kwenye atomi zilizopandishwa juu sana, kwa hiyo kadiri moto unavyozidi, ndivyo unavyomkimbilia mwenzake. Pima mng'ao wa kila mmoja, gawanya, na joto utalitoa kwenye fomula niliyoandika nyuma ya karatasi hii. Hapa maabara nafanya hivyo hivyo kwa swichi kubwa za umeme, tofauti ni kwamba kikasha changu kina ukubwa wa kitanda.

Tahadhari mbili. Kwanza, tao usilitazame kwa macho. Vaa barakoa ya baba yako, acha simu itazame. Pili, kamera ya simu si shahidi mwaminifu, inapendelea rangi nyingine na kuzionea nyingine. Iweke kwanza mbele ya mwanga tunaoujua. Tafuta balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka, si hizi za siku hizi. Bila hiyo namba zako zitakuwa porojo.

Msalimie kaka. Mwambie nakuja. Najua nilisema hivyo mwaka jana.

Shangazi yako


6 Machi

Shikamoo Shangazi,

Balbu nimeipata! Nilizunguka maduka manne. Muuzaji mmoja akaniuliza kama nafungua jumba la makumbusho. Kumbe ilikuwa nyumbani. Kwenye karakana kuna friji bovu ambamo Baba anaweka vijiti vya kuchomelea vyuma vinene, na ndani yake kulikuwa na balbu ya waya inawaka mchana na usiku, inamwangazia nani sijui. Nimeichukua, na nimeweka mahali pake balbu mpya ya LED, inayong'aa mara mbili na kula umeme kidogo. Baba hajasema kitu. Yuko mbioni na mnara.

Kipimo kinafanya kazi. Kila jioni Baba ananichomelea vipande vitatu vya chuma chakavu kwa vijiti vyake vya kwenye friji, mimi napiga picha. Vipimo vya mwanzo vililingana vizuri, karibu nyuzi elfu sita na mia mbili. Halafu wiki hii umetokea mstari mwekundu ambao haukuwepo, kama mia sita hamsini na sita hivi. Siku zenye huo mstari, namba zangu zinayumba. Nimekagua kikasha, hakuna tundu jingine linalovujisha mwanga. Mvua imenyesha wiki nzima, nikadhani boksi limelowa, nikalikausha juani. Mstari bado upo. Vipimo vinne vimeharibika.

Nifanyeje? Maonyesho ni tarehe ishirini na saba.

Wako,
Miwani


15 Machi

Miwani,

Haraka haraka, nina ripoti inayotakiwa kesho na bosi amesimama mlangoni kama mdai.

Mwekundu haukuhusu. Wewe unahitaji ile miwili ya kijani tu. Vipimo vinavyoyumba viweke kando, tumia vilivyotulia. Kila maabara ina siku zake mbaya.

Nakuombea ushindi.

Shangazi


2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa wa pili! Wa kwanza ni yule wa mapigo ya moyo, kwa sababu alimpima mkuu wa shule mbele ya wageni na wakacheka wote. Sikujali. Nilisimama mbele ya meza yangu na kusema sentensi tisa nzima kwa sauti. Vile vipimo vinne sikuvitaja, nilivikunja nikaviweka mfukoni.

Nilipomwambia Baba kwamba moto wake una nyuzi elfu sita na mia mbili, kupita uso wa jua, aliweka nyundo chini. Kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii nashika jua kwa mkono wa kulia, na chai bado napewa ya mwisho."

Mnara umekamilika. Miguu minne, na kila mguu umekaa juu ya bamba nene kama kitabu cha kamusi. Baba alinipeleka nikapitishe kidole kwenye maungio yake. Yamelala kama magamba ya samaki. Tangi limejazwa Jumatatu. Mpishi wa shule, yule mama anayetuita sote "nyie wanyama", alifungua bomba la jikoni, maji yakatoka, akampigia Baba vigelegele.

Kikasha changu, balbu na cheti vimewekwa kwenye kabati la vioo karibu na ofisi. Nikipita hapo natazama chini.

Wako,
Miwani


25 Aprili

Shangazi,

Mnara umeanguka.

Ilikuwa juzi Alhamisi, saa nne, tukiwa darasani. Tulisikia kishindo, halafu maji, halafu mtu anapiga kelele. Mguu mmoja uliachana na bamba lake, tangi likaangukia ukuta wa jiko. Mpishi alikuwa nyuma ya ukuta. Yuko hai. Mguu wake wa kushoto umevunjika mahali pawili.

Baba aliitwa. Alipiga magoti kwenye tope akalitazama lile bamba kwa muda mrefu sana, watu wamemzunguka. Akasema kwa sauti ndogo, "Haujapasuka kwenye mshono. Umepasuka pembeni yake." Mhandisi aliyeletwa na shule amekata kipande akaondoka nacho.

Baba hali chakula. Anakaa na ule mchoro wake wa nne.

Shangazi, nina swali na naomba unijibu kama mambo yalivyo, usinionee huruma. Mstari wa mia sita hamsini na sita ni wa nini?

Miwani


4 Mei

Mwanangu,

Umeomba nikujibu kama mambo yalivyo. Ni wa hidrojeni.

Inatoka kwenye maji. Vijiti vile vya vyuma vinene vimepakwa unga unaonyonya unyevu wa hewa, na ndiyo maana mafundi huvihifadhi mahali penye joto. Kijiti kikiwa na unyevu, tao linavunja yale maji, na hidrojeni inaingia ndani ya chuma kilichoyeyuka na kujificha humo. Mshono unatoka mzuri, unapakwa rangi, unapigiwa vigelegele. Siku zinapita, halafu chuma kinapasuka chenyewe, pembeni ya mshono, pale pale kaka alipoonyesha.

Nimeirudia barua yako ya tarehe sita Machi. Balbu ya kwenye friji haikuwekwa ili iangaze. Iliwekwa kwa ajili ya joto lake. Ile LED inatoa mwanga, lakini joto lake halikaushi hata leso. Nilikuwepo siku kaka alipolileta friji lile kwa mkokoteni, na mimi ndiye niliyeshika waya akiifunga hiyo balbu. Nikasoma barua yako yote na sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa natafuta namba.

Sasa nisikilize. Wewe ni mwanafunzi, uliona mstari, ukauliza. Mimi ninalipwa kuuliza kila mstari umetoka wapi, na nikakuambia haukuhusu. Ulikuwa umeuona ufa wa mnara ule kabla haujapasuka. Mimi ndiye niliyekuambia uuweke kando.

Niruhusu nimwandikie baba yako.

Shangazi yako


18 Mei

Shangazi,

Usimwandikie. Nakuomba.

Nilijua kabla barua yako haijafika, maktaba wana jedwali la mistari ya mwanga. Nilitaka tu jedwali liwe limekosea.

Baba alikwenda mbele ya kamati ya shule. Mhandisi alisema vijiti vilikuwa na unyevu. Baba akasema, "Kosa ni langu. Sikuvikausha." Akatia sahihi. Hakubishana hata neno moja, na wewe unamjua, Baba hubishana hata na redio. Amekatazwa kujenga chochote cha kubeba uzito. Amefunga karakana. Sasa anafanya kazi kwa fundi wa madirisha mtaa wa pili, anasugua vyuma ambavyo wengine wamechomelea. Vijana wa mtaa wa mafundi wanapomwona wanasema, "Mshono umefumuka." Anacheka nao. Hicho kicheko ndicho nisichoweza kukisikiliza.

Kila Jumapili anavaa shati jeupe anakwenda kumwona mpishi. Akirudi anakwenda moja kwa moja kulala.

Mara sita nimeanza kumwambia. Jana nilifika hadi kwenye "Baba, ile balbu," akainuka upesi akasema anaenda kufunga mlango, na mlango ulikuwa umefungwa. Tunakula tukitazama sahani. Nadhani anajilaumu sana hata hataki kusikia jina la kitu chochote cha karakana. Nikimwambia sasa, atajua alijidhalilisha mbele ya kamati kwa kosa ambalo si lake, na kwamba mimi nilikuwa nyumba moja naye nikimtazama akijidhalilisha. Mwanzoni ningekuwa mtoto aliyekosea balbu. Sasa mimi ni nani?

Miwani


15 Juni

Mdogo wangu,

Unajua mimi na kalamu hatuelewani, kwa hiyo nivumilie.

Mtoto ameniambia. Ilikuwa juzi Jumamosi. Alisimama mlangoni ameishika ile balbu ya zamani, ameizungushia kitambaa kama yai. Amekwenda kuitoa mwenyewe kwenye kabati la shule. Aliongea bila kupumua, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na huo mstari wenu mwekundu. Alipomaliza akabaki amesimama.

Sasa nikuambie wewe nilichomwambia yeye. Nilikuwa najua.

Kesho yake baada ya mnara kuanguka nilifungua friji. Mwanga upo. Nikapeleka mkono, balbu ni baridi kama sahani. Na balbu ya namna ile nani angeiweka pale? Kwetu tuko wawili tu. Nikaichomoa, nikaivunja, nikaizika kwenye takataka, nikasema huyu mtoto hatajua kamwe. Ndiyo maana kwa kamati sikubishana. Nilitaka waandike jina langu upesi wafunge faili kabla mtu hajauliza ilikuwaje. Na kila alipofungua mdomo mezani nilimkimbia, nikidhani anataka kuniuliza kwa nini nimefunga karakana. Kumbe alikuwa anataka kutua mzigo, na mimi nahamisha kiti.

Miezi miwili, ndani ya nyumba moja. Mimi namficha yeye, yeye ananificha mimi, na kitu chenyewe ni kimoja. Amekonda, mdogo wangu. Nilidhani ni mitihani.

Kuhusu lawama, wewe na yeye mnagawana kama chakula cha sherehe. Fundi hapeleki macho, anapeleka mkono. Miaka kumi na tisa nilivigusa vijiti vyangu kabla ya kuvitumia, kama mama anavyogusa paji la mtoto. Msimu ule nilikuwa na furaha ya kazi ya shule. Nikafungua mlango, nikaona mwanga, nikachukua vijiti. Hilo ni langu, na sahihi niliyotia si ya uongo. Lakini kumnyamazia mtoto, hilo sikutumwa na mtu, na ndilo linaloniamsha usiku.

Amenieleza kwamba ulitaka kuniandikia na yeye akakukataza. Siku nyingine usimsikilize.

Njoo. Safari hii njoo kweli.

Kaka yako,
Mshono


27 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimeambiwa umekata tiketi. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu mengine sitaweza kuyasema nikiwa nakutazama.

Nimeandika jedwali langu upya na vile vipimo vinne ndani yake, na maelezo ya mstari mwekundu. Nilimpelekea mwalimu wa fizikia. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Binti, mambo haya yameisha. Kwa nini unajichimbia shimo?" Nikamwambia hayajaisha, kuna mtu bado anatembelea magongo. Ilitoka yenyewe. Cheti kimeondolewa kabatini. Mkuu wa shule amesema barua ya kamati haitabadilika, kwa sababu vijiti ni wajibu wa fundi, na Baba amesema mkuu yuko sahihi. Sikupenda, lakini ndivyo ilivyo.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mpishi, peke yangu. Baba sikumwambia. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, mguu juu ya kiti, anachambua mchele.

"Wewe ni wa nani?" akauliza.

"Wa fundi wa mnara."

"Ahaa. Yule mnyama wa vitabu. Kaa basi, usinizibie mwanga."

Nikamweleza. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, lakini karatasi ilibaki mkononi. Nilimwambia kuhusu balbu na vijiti, na kwamba niliuona mstari wiki tatu kabla tangi halijajazwa, nikaukunja nikautia mfukoni kwa sababu uliniharibia namba. Hakuacha kuchambua mchele hadi nilipofika mwisho.

"Huo mstari ungeuelewa siku ile ile?"

"Ningeulizia tena, ningeuelewa."

Akaokota kokoto moja kwenye mchele, akaitupa. Kisha akasema, "Baba yako amekuja hapa Jumapili tisa. Unajua nilikuwa namfanyia nini? Namtukana. Mguu ukiniuma namtukana yeye, mvua ikinyesha namtukana yeye. Nimemtukania hadi mikono yake. Nikamwambia mtu mwenye mikono kama ile heri angezaliwa bila mikono. Naye anaitikia, 'Ndiyo, mama.' Ananitekea maji, ananikatia kuni, anaondoka. Kwa nini wewe hukuja Jumapili ya kwanza?"

Niliutazama ungo wake, Shangazi. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa zinanihusu mimi.

Nikamwambia kama imebaki hasira, anitukane mimi. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe nikikutukana utaandika kwenye daftari," akasema. Akacheka kidogo, halafu kicheko kikamwishia njiani, akafuta macho kwa kiganja cha mkono wenye vumbi la mchele. "Yale niliyompa yule mwanaume nitayarudishaje? Eh? Neno si mchele, niliokote chini." Akanisukumia ungo nimalizie. Nilipomaliza akasema, "Kesho akija, njoo naye. Nataka kumwomba radhi, nawe uwepo usikie. Adhabu yako ni hiyo. Nyingine sina."

Nilimweleza Baba jioni. Alisema, "Mimi siombwi radhi na mtu mwenye mguu uliovunjika chini ya kazi yangu." Nikasema ndivyo alivyotaka mwenyewe. Akatembea chumbani, akakaa, akainuka.

Sasa anapiga pasi shati lake jeupe, anairudia kola hiyo hiyo kwa mara ya tatu. Ameniambia nami nijiandae mapema. Nimekaa hapa mbele ya nguo zangu, Shangazi, kwa sababu sijui mtu anavaa nini kwenda kumsikia baba yake akiombwa radhi kwa kosa la mwanawe.

Miwani